"Thamani ya kazi" au thamani itokanayo na kazi?

SWALI: Mimi ni mwalimu, nakaa Langoni, Lamu. Jioni baada ya Isha tuna kikao cha vijana tunaosoma mambo ya uchumi kwa Kiswahili. Tumefika kwa Karl Marx, yule Mjerumani aliyeandika juu ya uchumi, tukakwama kwenye jina la nadharia yake. Maandishi mengi huiita "nadharia ya thamani ya kazi". Fundi mmoja wa jahazi kutoka Matondoni, aliyekuja kutusikiliza, akauliza: "Kwani huyu ataka kutwambia kazi yangu ina thamani gani?" Tukashindwa kumjibu. Je, jina hilo ni sahihi? Na bei, kima na thamani vinatofautianaje? Mwisho, kazi na nguvukazi si kitu kimoja?

JIBU: Mwalimu, huyo fundi amesikia sawasawa. Mtu yeyote aliyelelewa na Kiswahili, ukimwambia "nadharia ya thamani ya kazi", atangoja umwambie kazi ina thamani kiasi gani. Nadharia yenyewe haisemi hivyo. Inasema kwamba kazi ndiyo inayovipa vitu thamani. Tena Marx, katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu, Das Kapital (Mtaji), iliyotoka Hamburg mwaka 1867, analikataa waziwazi tamko "thamani ya kazi". Kazi, anasema, ndiyo kiini cha thamani na ndiyo kipimo chake, lakini yenyewe haina thamani. Kwake tamko hilo ni la kuwazia tu, kama vile mtu kusema thamani ya ardhi. Ndiyo maana jina hili linanikera: tumemvika mtu kauli aliyoiandikia sura nzima kuipinga.

Na hilo halikuanza naye. David Ricardo, mwanauchumi Mwingereza aliyemtangulia, alipoandika mwaka 1817 aliweka jambo hili mwanzoni kabisa mwa kitabu chake: thamani ya bidhaa hutegemea wingi wa kazi iliyohitajika kuitengeneza, wala haitegemei ukubwa au udogo wa malipo ya kazi hiyo. Kazi iliyotumika ni jambo moja, malipo ya kazi ni jambo jingine. Jina tulilolizoea linayachanganya yote mawili tangu mlangoni.

Kosa limeingiaje? Limeingia kwa -a, kiungo chetu kinachobeba mizigo mingi kuliko chochote. Pete ya dhahabu: dhahabu ndiyo iliyofanya pete. Mlango wa mwalimu: mwalimu ndiye mwenye mlango. Maji ya kisima: kisimani ndiko yatokako. Aliyetafsiri mara ya kwanza bila shaka alikusudia -a hii ya kisima, yaani thamani itokayo kwenye kazi. Lakini tazama neno linalotangulia. Thamani ni neno la sifa ya kitu, sawa na uzito, urefu, bei na rangi. Maneno ya namna hiyo yakifuatwa na -a, sikio humwendea mwenye sifa moja kwa moja: uzito wa gunia, rangi ya kanzu, thamani ya shamba. Hakuna atakayesikia "uzito wa gunia" akadhani gunia ndilo linalovipa vitu vingine uzito.

Kwa hiyo andikeni "nadharia ya thamani itokanayo na kazi". Ni refu, nakubali, ila halimpotezi mtu. Nimeona pia "nadharia ya thamani-kazi" kwa kistari. Silipendekezi, kwa sababu kistari hakimwelezi msomaji kipi kimezaa kipi.

Sasa bei, kima na thamani. Hapa Kiswahili kimetajirika, tusikiache kikalala. Bei ni kile mnachopatana, muuzaji na mnunuzi, siku hiyo na mahali hapo. Thamani ni kile kitu kilicho nacho hata kabla hamjapatana, ndiyo maana twaweza kusema "amekiuza kwa bei ya chini kuliko thamani yake" na kila mtu akaelewa. Kima ni kiwango, kiasi kilichokadiriwa, kama tunavyosema kima cha chini cha mshahara. Wazee walikitumia zaidi kwa maana ya bei, na matumizi hayo bado yapo. Katika somo lenu lakini, kima kitawafaa sana kwa kazi nyingine: Marx anapouliza ni nini kinachoamua ukubwa wa thamani, andikeni "kima cha thamani". Jibu lake ni muda wa kazi.

Muda upi? Chukueni kofia ya mkono, maana kwenu Lamu haina haja ya kuelezwa. Kila kiua kimoja cha nakshi hutobolewa, kikazungushiwa uzi kwa sindano, kisha cha pili, kisha cha tatu, mpaka duara nzima na kipaa chake vijae. Kofia nzuri hula majuma na majuma. Wako watu wawili wanashona kofia ya aina moja, nakshi moja, uzi mmoja. Mmoja ni mwepesi wa mkono, mwingine huchukua muda maradufu. Sokoni kofia ya yule mzito haipati thamani maradufu, na Marx hakusema itapata. Kinachohesabiwa ni muda ambao kazi hiyo huhitaji kwa ustadi wa kawaida na vyombo vya kawaida vya wakati huo katika jamii husika. Mimi huuita "muda wa kazi unaohitajika kijamii", na nawasihi neno "kijamii" msiliangushe. Likianguka, nadharia hugeuka kuwa ya kuusifu uvivu, na watu wamekuwa wakiicheka kwa kosa hilo kwa zaidi ya karne.

Mfano wa Marx mwenyewe ni wa wafumaji wa Uingereza. Vilipoingia vitanda vya kufumia vinavyoendeshwa kwa mvuke, muda wa kugeuza uzi kuwa kitambaa ulipungua pengine hadi nusu. Mfumaji wa mkono aliendelea kuketi saa zile zile, lakini saa yake moja ikawa sasa ni nusu saa machoni pa soko. Kofia za mashine zinazoingia kutoka nje zimefanya jambo la namna hiyo kwa yule anayetaka tu kitu cha kufunika kichwa aende msikitini. Kofia ya mkono bado ghali, kwa kuwa anayeitafuta hatafuti ile nyingine; kwake hizo ni bidhaa mbili.

Maulidi yakikaribia, wageni wakijaa Lamu, kofia ile ile hupanda. Muda wa kuishona haukuongezeka hata dakika moja. Hapo bei imepanda, thamani imekaa palepale. Samaki wa wakati wa kusi ni habari nyingine. Bahari imechafuka, chombo kinakwenda mbali na kurudi na kidogo, kazi nyingi imeingia katika samaki wachache. Hapo, kwa hesabu ya Marx, thamani ya kila samaki yenyewe imepanda, na bei imeifuata. Wapeni vijana mifano hii miwili pamoja, wataona kwa nini Kiswahili kinahitaji maneno mawili.

Nakuja kwenye kazi na nguvukazi, na hapa naomba mniwie radhi nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nadharia nzima imefungwa.

Kazi ni lile tendo: kushona, kuranda mbao, kukalafati. Anachouza mtu aliyeajiriwa si tendo hilo, kwa kuwa asubuhi anapopatana na tajiri wake bado hajalifanya. Anauza uwezo wake wa kulifanya, kwa muda maalumu. Uwezo huo ndio nguvukazi. Hata Marx hakuanza na tofauti hii. Katika maandishi yake ya mwaka 1849 kuhusu ujira na mtaji alisema mfanyakazi huuza kazi yake. Rafiki yake Friedrich Engels alipoyatoa upya mwaka 1891, baada ya Marx kufa, aliyapitia akabadilisha: mfanyakazi huuza nguvukazi yake. Akaeleza wazi kwamba si suala la kuchezea maneno, bali ni mojawapo ya nukta muhimu kabisa za elimu ya uchumi.

Shida yetu ni kwamba nguvukazi imekwisha kuhama. Redioni na katika hotuba, "nguvukazi ya taifa" ni watu, yaani wafanyakazi kwa jumla. Matumizi hayo yamekita mizizi na sina ugomvi nayo. Ila katika somo lenu, mara ya kwanza mnapolitaja andikeni "nguvukazi, yaani uwezo wa mtu wa kufanya kazi", kisha mwendelee nalo.

Pwani yetu ina historia inayoweza kuieleza tofauti hii kuliko kamusi yoyote. Mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi, yaliyopanuka tangu miaka ya 1860 chini ya masultani wa Zanzibar, yalilimwa na watumwa. Mtumwa aliuzwa yeye mzima. Hakuwa na nguvukazi ya kuuza kwa kuwa hata mwili haukuwa wake kisheria. Utumwa ulipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, aliyekuwa mtumwa alipata kitu kimoja cha kupeleka sokoni: uwezo wake wa kufanya kazi kwa siku, kwa juma, kwa mwezi. Lugha imeweka alama za safari hiyo. Mshahara unatokana na neno la Kiarabu la mwezi. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kutwa ili akalipwe. Baadaye jina la cheti likamvaa mtu mwenyewe. Na kibarua huyo wa zamani, Zanzibar na Mombasa, mara nyingi alikuwa mtumwa aliyekodishwa, na sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana wake.

Sasa turudi kwa yule aliye huru. Nguvukazi yake ina thamani, na thamani hiyo hupimwa kama ya bidhaa nyingine: ni muda wa kazi unaohitajika kupata chakula chake, nguo, makazi, na cha kuwalea watoto wake. Marx anatoa mfano wa msokota nyuzi za pamba. Saa 6 zinatosha kuzalisha thamani iliyo sawa na ujira wake wa siku, lakini siku ya kazi ni saa 12. Saa 6 zilizobaki zinazaa thamani ambayo mwenye kiwanda anaipata bila kuilipia. Hiyo ndiyo "thamani ya ziada". Neno hili ni zuri, limekubalika, liacheni kama lilivyo, na msilibadilishe kwa "faida". Kwa Marx, faida ya mwenye kiwanda, riba ya mkopeshaji na kodi ya mwenye ardhi ni mafungu yanayogawanywa kutoka katika thamani hiyo hiyo ya ziada. Mkiita yote faida, mgawanyo huo hamtauona tena.

Kutokana na hapo, vijana watauliza kuhusu unyonyaji, neno ambalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililieneza Afrika Mashariki nzima. Hapa sikio la pwani linaweza kupotea, kwa kuwa tuna maneno makali ya jirani. Kupunja ni kumpa mtu chini ya haki yake, kama kumpimia pishi isiyojaa. Kudhulumu ni kumla haki, na kunabeba uzito wa dini. Mtu akisikia unyonyaji, hudhani ni mojawapo ya hayo, kwamba tajiri amemlipa mfanyakazi kidogo kuliko walivyopatana. Marx anadai jambo zito zaidi. Yule msokota nyuzi amelipwa thamani kamili ya nguvukazi yake, hakupunjwa hata senti, na bado saa 6 zimekwenda kwa mwingine. Mwajiri mkorofi hupunja, lakini hata mwaminifu hunyonya, kwa sababu unyonyaji uko katika mpango wenyewe. Unaweza kuukubali au kuukataa ubishi huu, lakini ukiufasiri kwa "dhuluma" utakuwa hukuusikia.

Wazee wetu wamesema mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo inamwahidi mtu mmoja yule yule. Malalamiko ya Marx ni kwamba wa juani na wa kivulini wamekuwa watu wawili.

Waambieni vijana pia kwamba wapo wengi waliomkataa. Mwaka 1871 wanauchumi William Stanley Jevons na Carl Menger, kila mmoja kwake, walitoa vitabu vinavyosema thamani hutokana na manufaa anayoyaona mtu katika kile kipande cha mwisho cha kitu anachokiongeza juu ya alivyo navyo, na uchumi unaofundishwa vyuoni leo umefuata zaidi njia hiyo. Tena wasimsingizie Marx kwamba kazi ndiyo chanzo cha utajiri wote. Mwaka 1875 aliwakosoa wenzake wa Ujerumani kwa kuandika hivyo hivyo, akasema maumbile nayo ni chanzo cha vitu vyenye manufaa sawasawa na kazi. Mkoko unaotoa boriti haukumngoja mkata boriti ili uote.

Limebaki moja dogo ambalo hamkuliuliza, lakini mtakutana nalo: "thamani ya matumizi", yaani kile kinachokifanya kitu kimfae mtu. Kwetu "matumizi" ni pia pesa za nyumbani, zile ambazo mume huacha asubuhi. Mkiwasomea watu kwa sauti, semeni "manufaa" au "thamani katika kutumika", na ile nyingine, yaani kiasi cha vitu vingine mtu anachopata akikibadilisha kitu chake, iiteni "thamani katika kubadilishana". Nguvukazi iandikeni neno moja, ngeli ya I-ZI: nguvukazi yangu imeuzwa, nguvukazi zetu zimeuzwa.