Hofu ya Kuachwa: Barua kwa Mwanangu

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpendwa Rukia,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Nairobi. Mimi na mama yako tu wazima na tunamshukuru Mungu. Umenieleza kwamba wenzako kazini wamekuwa wakinunua hisa za kampuni moja kwa miezi sasa, kwamba bei inazidi kupanda, na kwamba hesabu zako zinakuonyesha bei hiyo imeshapita faida ambayo kampuni inaweza kuleta, lakini usiku hulali kwa kuhofia kuachwa. Ukaniuliza mbona hofu hiyo inazishinda hesabu ulizopiga kwa mkono wako, na kama uchukue mkopo wa sacco nawe uingie.

Hofu hiyo haitokani na upungufu wa akili. Binadamu asiyekuwa na habari kamili huwatazama wenziwe. Ndivyo tunavyochagua daktari na fundi, na mara nyingi hatupotei, ndiyo maana wazee wakasema fuata nyuki ule asali. Shida ya soko la hisa ni kwamba yule unayemfuata naye anamfuata mwingine. Anayenunua huisukuma bei juu; bei iliyopanda humfanya wa pili aamini kwamba wa kwanza alijua jambo; wa pili naye akinunua, bei hupanda tena, na wa kwanza huona kupanda huko kuwa ushahidi kwamba hakukosea. Watu 100 wakisema neno moja huonekana mashahidi 100, kumbe wote wamelisikia kwa mtu mmoja.

Haya niliyaona mwaka 2008, nikiwa bado benki katika Barabara ya Nkrumah, Serikali ilipouza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom: hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na mwombaji hakuruhusiwa kuomba chini ya hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Miaka miwili kabla ya hapo, hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, zilizouzwa kwa shilingi 11.90 zilikuwa zimepita mara mbili ya bei hiyo siku ya kwanza sokoni, na kila aliyepanga foleni kwetu alikuwa na habari hiyo kichwani. Alikuja fundi cherehani mmoja na fomu yake ndani ya bahasha ya kaki, amejaza kila kitu isipokuwa idadi ya hisa. Hakuuliza kampuni ilipata faida gani mwaka uliopita, wala gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, lingekuwa kiasi gani. Aliuliza, “Wenzangu wameandika ngapi?” Nilipomwambia kuwa siruhusiwi kumtajia, aligeuka akamuuliza aliyekuwa nyuma yake, kisha akaandika nambari ileile palepale kaunta.

Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, kwa hiyo wanunuzi wadogo walipata takriban moja kwa tano ya walichoomba, na aliyeomba kwa fedha za mkopo akawa analipia riba fedha zote huku akingoja kurudishiwa zilizobaki. Biashara ilipoanza tarehe 9 Juni bei ilipita shilingi 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 5, na mapema 2009 ikateremka chini ya 3. Si hofu peke yake iliyofanya hivyo, kwa kuwa hisa zilizomwagwa sokoni zilikuwa nyingi mno, na mwaka huohuo masoko ya dunia nzima yalianguka. Hata hivyo kampuni yenyewe iliendelea kupata faida, na mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40, kabla ya kushuka tena chini ya 15 mwaka 2023. Aliyekuwa na deni hakuweza kungoja lolote katika hayo.

Wataalamu wawili wa saikolojia, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza humzidi mtu nguvu kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile. Makadirio yao ya baadaye yaliuweka karibu mara mbili. Nadhani hapo ndipo ulipo wewe. Kila shilingi wanayopata wenzako unaihesabu kuwa hasara yako, ilhali hakuna kilichotoka mfukoni mwako.

Soko lenyewe linaijua tabia hii. Tarehe 13 Machi 2020, siku iliyotangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, biashara katika soko la Nairobi ilisimamishwa baada ya kipimo cha bei za hisa za kampuni 20 kushuka zaidi ya asilimia 5, ili watu wapate kutulia. Wewe nawe jiwekee kituo kama hicho: andika leo, ukiwa umetulia, bei ambayo ukiifikia utanunua na sababu yake, na usiibadilishe siku ambayo bei imeruka.

Tafuta pia mtu mmoja asiyekubaliana na wenzako. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch huko Marekani miaka ya 1950, watu wengi walikubali, walau mara moja, jibu la wazi la uongo kuhusu urefu wa mistari kwa kuwa wenziwao wote walilitoa. Lakini alipokuwapo mwenzao mmoja tu wa kusema kweli, kufuata huko kulipungua sana.

Kuhusu mkopo, jibu langu ni hapana, na nakusihi kama baba. Sacco itakata marejesho kila mwezi bila kujali bei imefika wapi, na mtu anayekatwa mshahara huuza siku asiyoitaka. Ikiwa ni akiba yako mwenyewe, isiyo ya kodi ya nyumba wala ya karo ya mdogo wako, huo ni uamuzi wako. Nitumie hesabu zako pamoja na ripoti ya mwaka ya kampuni hiyo nizipitie. Nikiona umekosea mahali, nitakueleza.

Mama yako anakusalimu sana.

Wako,
Baba