Maswali ya Wasomaji: Raki ya J au ya U?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mi nipo Atlanta, nimejiunga na klabu ya wapenda mapango na wanataka kushuka Fantastic Pit ndani ya Ellison's Cave, hukuhuku Georgia, mita 179 unaning'inia hewani tu. Namba nane yangu, kile kifaa cha kushukia kamba chenye umbo la 8, wameikataa, wanasema ninunue raki, ile fremu yenye vyuma vya kukatiza ambavyo kamba inapita kwa kupishana ili ikupunguzie kasi, sasa kuna fremu ya umbo la J na ya U, vyuma vya alumini na vya stenlesi. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu yangu, wenzio wamekwambia kweli, namba nane inasokota kamba na kwa urefu huo itakusumbua sana. Raki ilizaliwa kwa ajili ya mashimo kama hilo, John Cole aliibuni hapo jirani Alabama miaka ya 1960.

Chukua ya J, fremu ndefu, vyuma sita. Sababu ni uzito wa kamba yenyewe: ukiwa juu kabisa, kamba ya milimita 11 iliyo chini yako ina kama kilo 14 na inakubana, ukiweka vyuma vyote hutoki hapo, utakuwa unainyanyua kamba kwa mikono unailisha kidogokidogo mpaka uchoke. Kwa hiyo unaanza na vinne hivi umeviachanisha, kadiri unavyoshuka kamba inapungua uzito, unarudisha cha tano, unarudisha cha sita, na yote hayo unafanya ukiwa hewani kwa sababu J ina mguu mmoja ulio wazi. Ya U ni fupi na nyepesi, kwa mashimo mafupi naipenda sana, ila hapo haina nafasi ya kutosha.

Alumini inashika kamba vizuri lakini inalika haraka na kuacha weusi mikononi, stenlesi inadumu ila inateleza zaidi. Chuma cha juu kiwe kinene chenye mfereji, kamba ikae katikati. Na usikimbie, vyuma vinapata moto.

Jambo linaloniogopesha ni kupitisha kamba kinyume. Kila chuma kina tundu upande mmoja na mwanya upande wa pili, kamba inatakiwa ikisukume chuma kwenye fremu. Ukikosea, ukiweka uzito tu vyuma vyote vinafyatuka. Kabla hujajifungua kwenye kamba ya usalama, kalia raki kwa uzito wako wote uangalie chuma kimojakimoja, na mwenzio naye aangalie.