Mungu hahesabu watu kwa kilo

Jumapili usiku dada mmoja aliniandikia: "Dada, duniani tuko watu bilioni nane. Kweli Mungu ana muda na mimi ninayedaiwa kodi ya chumba Njoro?" Nikacheka. Kisha nikanyamaza, maana hilo swali niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe Juni 2022, nimekaa sakafuni. Kochi lilikuwa limechukuliwa.

Wanaonijua leo wananikuta kwenye fremu yangu, na wateja wananifuata kutoka Himo na Boma Ng'ombe. Sijisifu. Au basi najisifu kidogo, nimeisotea. Mwaka ule nilikuwa natandika turubai chini pale Memorial, soko la mitumba hapa Moshi. Nikaona baridi inakuja, nikakopa laki nane kwenye ile mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu, nikanunua belo la masweta ya watoto, gredi ya kwanza kwa kauli ya aliyeniuzia. Belo huwezi kulifungua kabla ya kulilipia, mnaofanya hii kazi mnajua. Nikakata kamba. Juu masweta sita mazuri sana. Chini yake, nguo za kuogelea. Nguo za kuogelea, Moshi, mwezi wa sita, mlima umejifunika wiki nzima!

Marejesho yalikuwa kila Ijumaa. Ya kwanza nililipa, ya pili nikalipa nusu, ya nne wakaja na kirikuu. Wakabeba kochi, televisheni na mtungi wa gesi. Mama aliyewaongoza alifungua daftari, akasema, "Namba kumi na nne." Jina langu hakulitaja, na lilikuwa limeandikwa palepale.

Lililoniuma zaidi halikuwa hilo. Nilikuwa nimeimba kwaya miaka kumi na moja, na wiki ile zamu ya kusali jumuiya ilikuwa nyumbani kwangu. Wakaihamishia kwa mwingine, eti nisipate usumbufu. Hakuna aliyekuja kuniuliza nimelala vipi. Nimesamehe. Nadhani nimesamehe. Wahubiri wetu hapa hupenda kusema kilele cha Kibo kipo hata usipokiona, na ni kweli, lakini siku ile huo mfano haukunisaidia kitu.

Aliyekuja ni bibi wa Kipare, Mwislamu, anayekaanga vitumbua kwenye kona yetu. Alikuja na vitumbua vinne na chupa ya chai, akakunja miguu, akakaa nami pale chini. Hakuniambia Mungu ni mwema. Alinisimulia habari za Bi Hajara, alivyoachwa jangwani pamoja na mwanawe Ismaili, maji yakaisha, akakimbia kati ya Safa na Marwa mara saba akitafuta msaada, mpaka Zamzam ikabubujika. Ndiyo maana mahujaji wanakwenda zile mara saba mpaka leo. "Hakuwa malkia yule, mwanangu," akasema. "Mjakazi tu, na mtoto ana kiu."

Alipoondoka nikafungua Biblia, kwa sababu huyo mama hata sisi tunaye, tunamwita Hajiri. Nisomeeni Mwanzo 16 taratibu. Abramu na Sarai wakimzungumzia ni mjakazi, mjakazi. Wa kwanza kumwita kwa jina lake ni malaika, penye chemchemi, njia ya kwenda Shuri. Na kabla hajamwahidi lolote, anamwuliza: unatoka wapi, nawe unakwenda wapi? Anajua, lakini anamwacha aseme mwenyewe. Ndipo yule mwanamke naye akampa Mungu jina: Mungu anionaye. (Pale anapoambiwa arudi kwa bibi yake Sarai aliyemtesa, mimi hapanipendezi mpaka leo, nisiwadanganye.)

Sasa ushauri wangu, mdogo wangu, ni huo. Acha sala za kukariri, jibu lile swali. Mimi nilijibu jikoni, kwa sauti: natoka Kibosho, nadaiwa laki tano na themanini, nakwenda sijui wapi. Halafu kula. Eliya alijilaza chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa tena ale. Mahubiri hayakuwepo pale. Ukishakula, rudi ulijibu lile swali.

Deni halikufutika kwa muujiza. Zile nguo nilimwuzia mfanyabiashara wa Tanga kwa bei ya kutupa, na yaliyofuata ni miaka miwili ya kuuza na kulipa, haina utamu wa kusimulia. Lakini sikuwa tena namba kumi na nne. Mungu hatuhesabu kama mabelo, kwa kilo. Yesu mwenyewe alitumia bei za sokoni: kwa Mathayo shomoro wawili ni senti moja, kwa Luka watano ni senti mbili. Piga hesabu kama mchuuzi. Yule wa tano ni nyongeza, katupiwa mteja bure, naye hakusahauliwa. Ewe unayejiona nyongeza katika familia, katika kwaya, katika ndoa, nakuambia usikubali!

Nilitaka kuishia hapo, ila ngoja niseme na la kwangu.

Jumanne iliyopita yule bibi aliteleza kwenye tope akaumia mguu. Nikamwingiza kwenye bajaji mpaka hospitali ya KCMC, nikasimama dirishani kama mtoto wake. Binti wa mapokezi akauliza, "Jina la mgonjwa?"

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Miaka yote hiyo nimekula vitumbua vyake, nimekaa kwenye mkeka wake, watoto wangu amewalea, na mimi namwita Bibi Vitumbua. Na bado nimemnunia mwenye daftari mpaka leo.

Nikageuka nimwulize. Alikuwa ameshasikia. Palepale kwenye kiti cha magurudumu, mguu umevimba, akajitaja mwenyewe, majina yote matatu, polepole, ili binti aandike vizuri.