Maswali ya Ziwa: boti ya injini na mtumbwi safarini Mahale

Barua za mara hii karibu zote ni za watu wanaotaka kutoka Kigoma kwa Ziwa Tanganyika kwenda kupiga kambi upande wa Mahale, kwenye hifadhi ya sokwe: boti ya injini ibebe mizigo, mtumbwi uvutwe nyuma kwa ajili ya kuzungukia ufukweni wakishafika. Mpango huo naupenda, na ndiyo maana maswali mengine yamenitia hofu.

Tuko saba, boti inabeba watano na mizigo. Wawili wakikaa kwenye mtumbwi tunaoufungasa, waushikilie usiyumbe, kuna ubaya? (Kasulu)

Asikae mtu. Hata mmoja, hata kama ni karibu, hata kama ziwa limelala.

Hili nimeshalijibu mara nyingi na bado linakuja, kwa hiyo nalieleza kwa mara nyingine. Mtumbwi unaovutwa hauna usukani wake. Ukikatisha wimbi ukaenda upande, kamba inaukaza kiubavu na unapinduka papo hapo. Nahodha anatazama mbele, injini inanguruma, kelele za waliozama hazimfikii. Akija kugeuka ameshawaacha mbali. Na msiniambie wavuvi wanafanya. Wavuvi nao wanazama, na misiba yao tunakaa matanga huku huku Kigoma. Watu saba wanataka boti ya watu saba, au wawili wabaki wasubiri safari ya pili. Kila mmoja avae jaketi la kujiokoa tangu mnasukuma boti majini. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.

Kamba ya kuvutia mtumbwi iwe ya mita ngapi, na nifunge wapi? (Uvinza)

Anza na mita kumi, kisha rekebisha ukiwa majini: ongeza au punguza mpaka mtumbwi ufuate umenyooka, usikimbilie nyuma ya boti wala kuyumba kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Kwenye mawimbi, urefu unaofaa ni ule unaofanya boti na mtumbwi vilipande wimbi pamoja na kushuka pamoja.

Wengi wanakosea pa kufunga. Wanafunga kwenye ubao wa juu wa mbele, kamba inavuta pua chini, maji yanaingia. Zungusha kamba ipite chini ya tumbo la mtumbwi, karibu na pua, ili mvuto utokee chini na pua inyanyuke. Mtumbwi uwe mtupu. Kama unayumba, weka uzito kidogo nyuma, uufunge usitembee. Tumia kamba inayoelea, ile ya plastiki. Nailoni inazama, na siku utakapopunguza mwendo ghafla itajisokota kwenye propela.

Weka kisu kikali karibu na fundo, mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Mimi niliwahi kukata. Tulikuwa kusini ya Ujiji, upepo ukageuka, mtumbwi ukajaa maji kabla hatujapunguza mwendo. Nusu mita ya ujazo ya maji ni kilo 500, na kilo hizo zilikuwa zinavuta tezi, yaani nyuma ya boti yetu, chini. Nilikata, nikauacha mtumbwi mzuri wa mbao uende, na watu wote wanne tulirudi nyumbani. Sijutii, ila najuta kwamba nilikitafuta kisu kwenye begi.

Shikamoo mzee. Nina injini ya farasi 15. Petroli lita ngapi zinatosha kwenda na kurudi? (Mwanga, Kigoma)

Marahaba, mwanangu. Lita siwezi kukutajia, kwa sababu sijui uzito wa boti yako wala hali ya injini. Pima mwenyewe: jaza tangi, pakia mizigo yote, funga mtumbwi nyuma, kimbia saa moja kamili, kisha jaza tena na uhesabu zilizoingia. Pima ukiwa unavuta, maana boti inayovuta inakunywa zaidi. Halafu gawa mafuta yako mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la dharura. La dharura haliguswi kwa sababu mmependa kuona ghuba nyingine. Kama injini inachanganyiwa oili, fuata kiwango cha waliotengeneza injini yako, si cha jirani. Beba plagi za akiba na spana yake.

Sasa nikuambie usichouliza. Kutoka Kigoma hadi Mahale kwa maji ni kama kilomita 130. Boti inakufikisha siku moja, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mtumbwi uliopakia, wapigaji kafi wawili wenye nguvu, ziwa shwari, unakwenda kilomita nne au tano kwa saa. Hesabu: karibu saa 30 za kupiga kafi. Injini inakupeleka mahali ambapo mikono yako haiwezi kukurudisha. Kwa hiyo safari ipangwe kwa kafi, si kwa injini. Kabla hujaondoka, andika kwenye karatasi kila kijiji mtakachopita, na kila mnapofika jiulize: injini ikifa hapa, kwa mtumbwi tutafika wapi kabla ya giza? Kipande ambacho hakina jibu, mkipite asubuhi na mapema, karibu na ufuko, au msikipite. Na makafi yawe manne kwa mtumbwi wa watu wawili. Nimeona watu wamebeba spika ya muziki na kafi moja.

Nanga yenye kamba ya mita 30 inatosha? (Dar es Salaam)

Mara nyingi haitagusa chini. Ziwa hili lina kina cha kama mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa, na milima ya Mahale inaingia majini kama ukuta: sehemu nyingine hatua chache kutoka ufukweni hakuna chini. Lalia kwenye mchanga, vuta boti juu, uifunge kwenye mti. Mtumbwi upandisheni kabisa na muupindue kifudifudi. Mtumbwi uliochukuliwa na mawimbi usiku ni akiba yenu ya kurudia nyumbani imeondoka.

Mamba wapo? Nakuja na wanangu, wa miaka 8 na 13, waone sokwe. (Dodoma)

Wapo, na viboko pia. Dada yangu, watoto wasichezee maji jioni, wala karibu na mdomo wa mto au penye matete, na ninyi waulizeni wenyeji wa kila ufuko kabla hamjashuka.

Kuhusu sokwe, mdogo hataruhusiwa: chini ya miaka 12 hawaendi. Hifadhi ina taratibu zake. Mnaingia kwa kibali, mnalala palipotengwa, hamtii boti kwenye ufuko wowote mliopenda. Mkiwa na sokwe mnavaa barakoa na kukaa angalau mita kumi. Mwenye kikohozi abaki kambini, na hili nawasihi. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliua sokwe kadhaa wa Mahale, na uchunguzi ulielekeza kwenye virusi vya binadamu. Mtumbwi ni kimya, unakufikisha karibu na mnyama kabla hajakusikia. Mkiwaona sokwe wameshuka ufukweni, acheni kupiga kafi, mtazame kutoka majini.

Maji ya ziwa ni meupe kabisa. Tunakunywa hivi hivi? (Tabora)

Chemsheni. Mei 2015 kipindupindu kiliwaua watu Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, kwenye ziwa hili hili na maji haya haya meupe.

Twende mwezi gani, na tuondoke saa ngapi? (Mpanda)

Kiangazi, Mei hadi Septemba, hakuna mvua ila upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu, na mkielekea Mahale mnakwenda nao uso kwa uso. Masika upepo huo hupungua, lakini dhoruba ya wingu moja inaweza kuwakuta katikati ya maji na ikawamaliza kwa nusu saa. Mimi huenda kiangazi. Upepo unaojulikana naweza kuupangia.

Saa ya kuondoka ni alfajiri, mara tu mwanga unapokuwa wa kutosha kuona nyavu. Usiku wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao, mitumbwi imeunganishwa kwa magogo na nyavu ziko majini. Ukipita katikati yao unaharibu riziki ya mtu na propela yako pamoja. Saa tano muwe mmefika ufukweni, hata kama pale mlipopanga pamebaki kilomita kumi tu. Mkiona mistari meupe ya povu upande wa kusini, geuzeni pua kwenye ufuko wa kwanza wenye mchanga, mwombeni mwenyekiti wa kijiji mahali pa kulala, mpike chai. Kesho alfajiri mtaendelea.