Mgongo hauna "changamoto", mgongo umekakamaa

Msomaji mmoja anayesomea fiziotherapia ameuliza hivi: "Kwenye ripoti yangu ya wodini niandike mgonjwa ana changamoto ya unyumbufu wa mgongo, au changamoto ya mnyumbuliko wa mgongo?"

Andika unyumbufu. Linatokana na nyumbuka, yaani kuvutika au kupindika bila kukatika, na hiyo ndo sifa unayoipima. Mnyumbuliko waachie watu wa sarufi, wao ndo wananyumbulisha vitenzi, piga, pigwa, pigana. Hilo limeisha.

Sasa nije kwenye neno ambalo hata hujaliulizia na ndo limenipandisha presha: changamoto. Changamoto ni jambo linalokuamsha uongeze bidii, mpinzani mkali, mtihani mgumu, kazi inayokutoa jasho. Siku hizi limemeza shida, tatizo, kero, ugonjwa, maumivu, ubovu, upungufu, yote. Maji yamekatika, changamoto. Daraja limebomoka, changamoto. Na sasa limeingia mpaka kwenye faili la mgonjwa, na hapo mimi siwezi kukaa kimya kabisa.

Hebu chukua kipimo cha unyumbufu wa kiuno cha Schober, yule daktari Mjerumani aliyekieleza mwaka 1937. Namna inayotumika sana leo ni hii: mgonjwa anasimama wima, unatafuta vile vishimo viwili vya chini ya kiuno, unaweka alama katikati yake, kisha unapima sentimita 10 kwenda juu na 5 kwenda chini, jumla 15. Anainama mbele bila kukunja magoti halafu unapima tena kati ya alama ya juu na ya chini. Kiuno chenye afya kinafika 20 au kupita. Unachohitaji ni futikamba ya fundi cherehani na kalamu, basi. Umepata 17. Una namba mkononi, namba safi kabisa, halafu unaenda kuandika "ana changamoto ya kuinama"! Changamoto gani? Anaumia? Anaogopa? Pingili za uti wa mgongo zimegandana? Ni mnene tumbo linamzuia? Au hakuelewa ulichomwambia? Neno lako limebeba yote hayo kwa hiyo halijasema hata moja.

Tena linaweza kuwa uongo. Yupo mtu anainama mpaka vidole vinagusa sakafu, ukimwangalia kwa mbali unasema huyu mzima, kumbe amekunja nyonga tu na misuli ya nyuma ya mapaja yake inavutika vizuri, kiuno chenyewe kimenyooka kama ubao. Huyo kuinama anainama! Ndo maana kupima umbali wa vidole na sakafu peke yake hakutoshi, Schober ndo inamuumbua. Ukiandika changamoto ya kuinama, daktari atakayelisoma faili akamwambia hebu inama, na mgonjwa akagusa sakafu, ataona wewe ndo hukupima.

Au mtoto anayepimwa kwa kuinama mbele, kipimo cha William Adams cha mwaka 1865, unasimama nyuma yake unaangalia kama mbavu za upande mmoja zimenyanyuka kuliko za upande wa pili. Mtoto hana maumivu, anainama vizuri sana, anacheza mpira kila jioni, ila uti wa mgongo umepinda kando na pingili zimejizungusha. Sema umepinda. Kupinda ni neno la Kiswahili, kila mzazi analijua, na akilisikia atajua la kuuliza. Ukimwambia mwanao ana changamoto ya mgongo atarudi nyumbani amchue mafuta.

Mshereheshaji akiomba radhi kwa changamoto ya spika, mie nimeshachoka kugombana naye, aendelee tu. Faili la mgonjwa sikubali. Lugha yetu ina kukakamaa, kupinda, kukaza, kuuma, kufa ganzi, ina kibiongo, ina kisogo ambacho ndicho hasa unachokipima ukimsimamisha mtu ukutani visigino vimegusa ukuta, ukaangalia kisogo nacho kinafika au kinabaki hewani.

Kwa hiyo ripoti yako iandike hivi: "Unyumbufu wa kiuno umepungua, sm 15 zimefika 17 tu. Anainama kwa nyonga. Kisogo hakifiki ukutani, kimebakiza sm 4. Asubuhi mgongo unakaza, akitembeatembea unaachia."