Video ya muziki ya wanafunzi: anzeni na bango

Dada uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Mko wanne, mwaka wa pili wa diploma ya filamu hapa Nairobi, na mmepewa wiki sita mlete video ya muziki, jalada la wimbo na bango la A3 la kuutangaza. Kamera ni moja ya kuazima, zilizobaki ni simu. Unauliza mwanzie wapi, na kama kuna ubaya kuacha jalada na bango mpaka video iishe, kwa kuwa picha mtazitoa humo humo ndani ya video.

Ubaya upo, na ndio ulionifanya niketi niandike marefu. Anzeni na bango.

Mimi nimepita hapo mlipo. Wimbo wetu ulikuwa wa mwenzetu wa darasani, binti mwenye sauti nzito, aliyemtungia mama yake. Mama huyo huamka saa nane usiku kwenda soko la Marikiti kuchukua sukuma wiki na nyanya, na kufikia alfajiri yuko kibandani kwake Umoja anapanga mafungu. Tulirekodi siku tatu, tukahariri wiki mbili, na bango tukalikumbuka usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Tukaisimamisha video pale msanii anapoinua uso, tukaichukua ile fremu, asubuhi tukaipeleka River Road kuchapishwa. Kwenye simu ilikuwa safi kabisa. Ilipotoka kwenye mashine nikaishika mkononi: nyusi zilikuwa zimegeuka moshi, ukingo wa shavu una ngazi-ngazi, na vidole alivyoviinua karibu na kidevu vimekuwa doa moja la kahawia. Msanii aliitazama akanyamaza. Alama tulizopata nimeshazisahau, lakini ule unyamavu wake bado ninao.

Hesabu yake ni hii. Fremu ya video ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani milioni mbili na kidogo. Karatasi ya A3 ni milimita 297 kwa 420, na ukitaka ichapike vizuri kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 3508 kwa 4961, zaidi ya milioni 17. Halafu video imelala na bango limesimama. Ukiikata fremu ili isimame, upana unaobaki ni pikseli 760 hivi. Hata mkirekodi kwa 4K, kipande kilichosimama hakifiki nusu ya nukta zinazotakiwa. Isitoshe, kila fremu ya video kwa kawaida hupokea mwanga kwa muda wa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kwa hiyo kiungo kinachosogea huacha ukungu. Ukungu huo ndio unaoifanya video itiririke machoni. Kwenye karatasi ni uchafu.

Lakini pikseli ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba mkikaa na penseli mchore bango kabla ya kushika kamera, mtalazimika kukata shauri. Huyu msanii ni nani? Amevaa nini? Yuko wapi, saa ngapi? Rangi gani ikionekana mtu ajue ni wimbo huu? Video ya dakika nne inaweza kuwabeba bila majibu hayo, mkarusha densi hapa na matatu pale mpaka muda ukaisha. Video nyingi za wanafunzi nilizoziona zimeanguka hapo hapo: picha nzuri ishirini zisizojuana.

Tulipoongezewa wiki moja turekebishe, aliyetuokoa ni mama wa msanii mwenyewe, au tuseme leso yake, yaani kanga. Ilikuwa imeanikwa juu ya paa la ghorofa, pale wapangaji wote wanapoanika nguo. Tukaitazama vizuri. Leso ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji hapo katikati wenye nakshi kuu, na chini ya mji ina jina, yale maneno ya herufi kubwa ambayo mtu huisoma leso kwayo. Umbo lake, kama sentimita 150 kwa 110, linakaribiana na umbo la A3. Nikawaambia wenzangu, bango tayari limeanikwa pale juu, sisi tunatafuta nini tena?

Tangu siku hiyo nikisaidia kikundi chochote huwauliza mambo matatu tu: mji wenu ni nini, pindo lenu ni nini, jina lenu ni nini. Mji ni kitu kimoja ambacho jicho linaenda kwanza. Pindo ni ile rangi au nakshi inayorudi kila mahali ikiwaunganishia video, jalada na bango. Jina ni maneno, na maneno ya bango ni machache: jina la wimbo, jina la msanii, tarehe, mahali pa kuupata. Wanafunzi hupenda kuandika majina ya kikundi kizima, mhadhiri na chuo. Hayo yapelekeni mwisho wa video.

Sisi tulirudi paani saa kumi na mbili asubuhi. Msanii akasimama nyuma ya leso iliyoanikwa, uso ukitokeza nusu juu ya kamba, na chini tukaacha nafasi tupu ya jina. Picha za bango tulizipiga kwa kamera ya picha, faili kubwa, kabla hata ya kuwasha spika ya kumchezea msanii wimbo tukirekodi video. Hili lishikeni: siku ile ile, vazi lile lile, mwanga ule ule, ila nusu saa ya picha za bango itengwe kwenye ratiba na mtu mmoja aisimamie. Mkisema mtapiga "mkipata nafasi", nafasi hiyo haitapatikana.

Kisha tukaipitisha leso hiyo katika video nzima. Ubeti wa kwanza imefungwa kiunoni, wa pili imefunika gunia la mboga, kwenye kiitikio inapepea kambani. Maneno ya wimbo hayaitaji leso hata mara moja, na hapo ndipo raha ilipo. Picha inaweza kuyafuata maneno, inaweza kuyakuza, au inaweza kusimulia lake pembeni. Mkiyafuata maneno neno kwa neno, akiimba "machozi" mnaonyesha machozi, mtazamaji anachoka kabla ya kiitikio cha pili.

Jalada lilikuwa kazi nyingine. Ni la mraba, pikseli 3000 kwa 3000 linatosha huduma nyingi za kusikilizia muziki, lakini mtu atalikuta simuni likiwa na ukubwa wa ukucha. Lipunguzeni mpaka lifikie ukubwa huo mlitazame mkiwa mmenyoosha mkono. Kisichosomeka kiondoeni. Sisi tuliondoa uso tukabaki na nakshi ya mji peke yake. Na leso yenyewe hatukuiskani. Nakshi ile ni kazi ya mchoraji fulani, si yetu, basi tukachora yetu: mahali pa ile nakshi ya korosho tukaweka jani la sukuma wiki na mishipa yake. Msanii alilichora mwenyewe kwa mkono, kutoka jani halisi alilolitoa kibandani kwa mamake.

Sasa mambo ya kurekodi, maana hapo nako tuliumia. Tulikuwa na kipande cha usiku ndani ya kinyozi cha mtaani, kina vioo viwili na taa za tyubu. Simu ilikuwa kwenye fremu 30 kwa sekunde, kama zinavyokuja simu nyingi. Kwenye kioo kidogo cha simu hatukuona kitu. Tulipofungua klipu kwenye kompyuta, michirizi mipana ya giza ilikuwa inapanda polepole usoni mwa msanii, kutoka kidevuni hadi kwenye paji, tena na tena. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo taa kama hizo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kamera isiyokwenda sambamba nazo hunasa ule mfifio. Wekeni fremu 25, kasi ya shata (ule muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50, basi. Na kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video ambayo ina toleo la bure, wekeni 25 kabla ya kuingiza klipu ya kwanza. Mkishaingiza, programu haiwaruhusu kubadilisha kasi ya mradi.

Kipande kinachopendwa kuliko vyote kwenye video yetu hakikutugharimu hata shilingi. Tulitengeneza nakala ya wimbo inayokwenda kasi maradufu, tukaicheza kwenye spika, msanii akaimba kwa kasi hiyo huku tukirekodi fremu 50 kwa sekunde. Tukipunguza hadi 25, midomo inaangukia kwenye wimbo wa kawaida, lakini leso nyuma yake inapepea kama iko majini, na nywele zinashuka begani taratibu. Alifanya mazoezi jioni mbili, kwa sababu kuimba mbio bila kukunja uso si mchezo. Mwanzoni mwa nakala wekeni milio mitatu ya kuhesabu ili ajue pa kuingilia, na spika iwe karibu naye. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Akiwa mita 17 kutoka kwenye spika, wimbo unamfikia umechelewa zaidi ya fremu moja, na jicho la mtazamaji hulihisi hilo hata kama hawezi kulitaja.

Mwanga wa Nairobi nao una tabia yake. Tuko karibu na ikweta, jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na hupanda wima. Ule mwanga wa dhahabu hukaa chini ya saa moja, na kufika saa sita mchana macho ya msanii yamekuwa mashimo mawili meusi. Pangeni nje asubuhi na jioni, mchana rekodini ndani. Mkiangukia Julai msilalamikie mawingu. Wingu lile ni pazia kubwa linalolainisha uso wa kila mtu bila malipo.

Ruhusa nitazipitia haraka, ila msizipuuze. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni kwa filamu inayotengenezwa ili ionyeshwe kwa umma, kwa hiyo ulizeni mapema na mwe na barua ya chuo mkononi. Droni ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa mradi wenu sioni haja yake. Sisi tulifukuzwa na walinzi mbele ya jengo moja katikati ya jiji, tukapoteza asubuhi nzima, wakati paani kwetu mwenye nyumba alikubali kwa ombi la mdomo na salamu nzuri. Soko pia lina wenyewe. Mama zetu wa Marikiti hawapendi kamera iliyowavamia kazini, na wana haki. Tulienda siku moja kabla, bila kamera, tukanunua mboga, tukaeleza. Kesho yake wao ndio waliotusogezea magunia tupate njia.

Kuhusu wimbo: chukueni wa mwanafunzi mwenzenu kuliko wa msanii mkubwa. Wa msanii mkubwa YouTube itautambua, na video inaweza kuzuiwa au mapato yake kwenda kwingine. Lakini hata wa mwenzenu, ulizeni biti imetoka wapi. Biti nyingi za "bure" mtandaoni zina masharti, na sharti la kawaida ni kwamba usipate pesa kwayo. Andikeni ukurasa mmoja uonyeshe nani ana haki ya maneno, biti, picha na video, kila mtu atie sahihi. Ukurasa huo ulituepusha na ugomvi mwaka uliofuata, msanii alipotaka kuuachia wimbo rasmi.

Mkienda kuchapisha, badilisheni faili kutoka RGB, rangi za kioo, kwenda CMYK, rangi za wino, mkiwa nyumbani, mwone wenyewe rangi zinavyopoa. Rangi yetu ya machungwa ya leso ilizimika kidogo, ikabidi tuiongezee njano. Acheni milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi. Na faili msiitume kama picha ya WhatsApp, kwa sababu hubanwa na kupoteza pikseli zote mlizozihangaikia. Pelekeni PDF kwenye flashi, mwombe mwenye duka awatolee kwanza nakala ya A4, mwitoe nje ya duka mwitazame juani.

Bango letu la pili bado liko kibandani Umoja, limebandikwa juu ya mizani. Jua limelifubaza, lakini jina linasomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

Chora lenu wiki hii, hata kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, ulipige picha uliweke hapa. Nitalitazama kabla hamjaazima kamera.