Prosesa au kadi ya grafiki? Jua kinachobana fremu kabla ya kutoa hela

Kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo kwenye skrini, imefanyiwa kazi mara mbili. Prosesa hutangulia: inasoma ulichobonyeza, inapiga hesabu mpira umedunda wapi na gari limegonga nini, inaamua wahusika waelekee wapi, kisha inaiandalia kadi ya grafiki orodha ya vitu vya kuchora. Kadi inachora. Wakati kadi bado inachora fremu hii, prosesa inaandaa ijayo, na yeyote anayechelewa kati ya hao wawili ndiye anayepanga mwendo wa wote. Ndiyo maana mtu ananunua kadi ya bei mbaya, anaichomeka, na gemu inabaki na fremu zilezile za jana.

Hesabu yake inaeleweka vizuri ukipima kwa milisekunde. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 za kukamilika. Ukitaka fremu 144, unabaki na 6.9 tu. Chukua kompyuta ambayo prosesa yake inahitaji milisekunde 12 kuandaa fremu moja, na kadi inahitaji 8 kuichora kwa rezolusheni (ukubwa wa picha kwa pikseli) ya 1080p. Kadi peke yake ingeweza kutoa fremu 125, lakini utapata 83, kwa sababu prosesa imefikia mwisho wake hapo. Sasa hamia 1440p. Pikseli zinapanda kutoka milioni 2.07 hadi milioni 3.69, kadi inahitaji kama milisekunde 14, na prosesa inabaki kwenye 12 yake, maana kazi yake haitegemei ukubwa wa picha. Fremu zinashuka hadi 71, na safari hii kadi ndiyo inayobana. Hakuna kifaa kilichobadilishwa.

Kwa hiyo zile tovuti unazoingiza jina la prosesa na jina la kadi zikakupa asilimia ya "kutolingana" usizipe muda wako. Haziwezi kutoa jibu moja, kwa sababu jibu linategemea gemu, rezolusheni, mipangilio na idadi ya fremu unayoitaka. Mwenye monita ya 60Hz (inayoonyesha picha 60 kwa sekunde) anayecheza EA FC na mwenye monita ya 240Hz anayecheza Counter-Strike 2 wana mahitaji tofauti kabisa, hata kama kadi zao ni moja.

Pima kwanza

Pakua MSI Afterburner, ambayo huja pamoja na RivaTuner Statistics Server. Zote mbili ni za bure. Ingia kwenye mipangilio, kichupo cha Monitoring, uchague vitu vya kuonyeshwa juu ya gemu: matumizi ya GPU (ndiyo kadi ya grafiki), kumbukumbu ya kadi, joto la kadi na la prosesa, kasi ya prosesa kwa MHz, matumizi ya kila uzi wa prosesa (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi) mmoja mmoja, fremu kwa sekunde, na muda wa fremu uonekane kama grafu. Ongeza na kipimo cha 1% low, yaani kasi ya ile asilimia 1 ya fremu zilizochelewa kuliko zote. Zima V-Sync (inayofunga fremu kwenye kasi ya monita) na kikomo chochote cha fremu, halafu cheza kama robo saa mahali pazito: katikati ya Los Santos kwenye GTA V, au pale timu zinapokutana na moshi umetanda. Ukipima kwenye menyu au ukumbini (lobby) hutajua lolote.

Matumizi ya GPU yakikaa 97 hadi 99, kadi ndiyo inayobana, na hiyo ndiyo hali nzuri kwa gemu nyingi. Yakiwa 60 au 75 huku fremu zikiwa chini ya unavyotaka, kadi inakaa kuisubiri prosesa. Hapa wengi hupotea njia. Wanatazama matumizi ya jumla ya prosesa, wanaona asilimia 35, wanasema prosesa ina nafasi tele. Prosesa yenye nyuzi 12 ikijaza uzi mmoja hadi mwisho, jumla itaonyesha kama asilimia 8 tu. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu unaoshika usukani. Huo ukijaa, nyuzi nyingine kumi na moja hazikusaidii kitu. Tazama uzi mmojammoja.

Kuna jaribio lisilohitaji programu yoyote. Shusha rezolusheni hadi 1280×720 usimame palepale ulipokuwa. Fremu zikiruka juu sana, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zikibaki pale pale, ni prosesa au RAM, na kadi mpya haitakuongezea kitu kwenye gemu hiyo.

Usiishie kwenye wastani. Wastani wa fremu 90 wenye 1% low ya 35 unachosha macho kuliko fremu 60 zilizotulia. Ile 1% low inakuambia fremu mbaya kabisa zilikuwaje, na mara nyingi prosesa dhaifu hujificha humo: wastani unapendeza, lakini kila ukikata kona gemu inagandaganda.

Kompyuta za ofisi za mtumba

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaanzia hapa: Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ex-UK, yenye Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne. Ni msingi unaofaa kabisa ukiujua mipaka yake.

Kwanza chagua kasha kubwa linalosimama, acha lile jembamba. Kasha jembamba linadai kadi fupi kwa kimo, hewa haipiti vizuri, na baadhi ya miundo haitoi umeme kamili kwenye tundu la kadi. Kwa kawaida tundu hilo hutoa wati 75. Pawa saplai za kompyuta hizi ni ndogo (OptiPlex 7020 ya kasha kubwa ina wati 290) na nyingi hazina ule waya wa pini 6 wa kadi. Kubadilisha pawa saplai nako kuna mtego: OptiPlex 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8 kwenye madabodi, siyo ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo utahitaji waya wa kubadilishia.

Fundi akikuambia achomeke waya wa kubadilisha SATA kuwa pini 6, kataa. Plagi ya SATA imeundwa kubeba kama wati 54 kwenye volti 12, na plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Kadi ikifanya kazi kwa nguvu, plastiki inalainika, pini zinagusana, na hapo inaanza harufu ya kuungua.

Kwa hiyo kadi zinazofaa ni zile zinazoishi kwa umeme wa tundu pekee: GTX 1050 Ti, GTX 1650 isiyo na plagi (angalia ubavuni, maana nyingi zina pini 6), au RTX 3050 ya GB 6 ambayo ni wati 70. Core i5-4570 na GTX 1650 kwa 1080p ni ndoa nzuri. Kwenye gemu nyingi vyote viwili vinafikia mwisho karibu pamoja, na hela haijalala bure upande wowote. Ukiweka RTX 3060 kwenye i5 hiyohiyo, kwenye gemu nzito utaona kadi inafanya nusu ya kazi yake.

RX 6400 inavutia kwa sababu ni wati 53 na ni ndogo, lakini ina njia 4 tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na madabodi. Iliundwa kwa PCIe 4.0. Kwenye madabodi hizi za PCIe 3.0 inabaki na kama GB 4 kwa sekunde, nusu ya ilivyokusudiwa. Gemu ikijaza GB 4 za kumbukumbu ya kadi, ziada inapita kwenye njia hiyo nyembamba na fremu zinaanguka ghafla. Shusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu vya kwenye gemu) ili usifike huko. Kadi za Intel Arc ziache kabisa kwa kompyuta hizi: zinategemea Resizable BAR (inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja), ambayo madabodi za enzi hiyo hazina, na draiva zake zinaitwisha prosesa mzigo mkubwa. Hata Arc B580, kadi nzuri kwa bei yake, ilionekana kupoteza fremu nyingi ikikaa na prosesa za kati za miaka iliyopita. Draiva za Nvidia nazo, kwenye gemu za DirectX 12, huipa prosesa dhaifu kazi zaidi kuliko za AMD, kwa hiyo kwa prosesa ya zamani kadi ya AMD ya daraja lilelile huweza kukupa fremu zaidi.

Kabla ya kugusa kadi, fungua programu ya CPU-Z, kichupo cha Memory. Palipoandikwa idadi ya chaneli pasiposomeka Dual au 2, una kijiti kimoja cha RAM. Wauzaji wanapenda kuweka kijiti kimoja cha GB 8. DDR3-1600 kwa kijiti kimoja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde; vijiti viwili kwenye matundu ya chaneli tofauti vinapitisha 25.6. Kwenye gemu inayobanwa na prosesa, kijiti cha pili huinua ile 1% low waziwazi, na ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote unavyoweza kununua.

Baada ya RAM, prosesa yenyewe. i5-4570 ina kori 4 na nyuzi 4. Gemu za leo zinazijaza zote nne, na Windows ikitaka kufanya kitu chake kidogo tu, gemu inakwama. i7-4770 inakaa kwenye soketi ileile ya LGA 1150, ni wati 84 kama i5 hiyo, na ina nyuzi 8. Ni kubadilisha tu: fungua feni, safisha pasta ya zamani kwa spiriti, inua wenzo, toa, weka mpya ukilinganisha pembetatu ndogo ya pembeni, weka pasta kiasi cha punje ya njegere, funga skrubu za feni kwa mshazari. Kwa kizazi cha tatu, i5-3470 inapisha i7-3770 vilevile, ila kizazi hicho hakina maagizo ya AVX2, na zipo gemu mpya zisizofunguka bila hayo. Ukiwa bado hujanunua, ongeza kidogo uchukue kizazi cha nne.

Vumbi na joto navyo vihesabu. Kompyuta iliyokaa ofisini miaka kumi ina pasta iliyokauka kama chaki, na Mombasa au Dar hewa inayoingia tayari ni ya moto. Prosesa ya Haswell (ndiyo kizazi cha nne) ikikaribia nyuzijoto 100 inajipunguzia kasi yenyewe. Ukiona MHz zinashuka kadiri unavyocheza, tatizo ni pasta na feni.

Mipangilio: kila upande na wake

Kadi ikibana, shusha rezolusheni, vivuli, uakisi, ukungu na moshi, au washa DLSS au FSR, zinazochora picha ndogo kisha kuikuza. Prosesa ikibana, hayo yote hayatakusaidia sana. Shusha msongamano wa watu na magari, umbali wa kuona, na zima ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing), ambao inalemea pande zote mbili. Kwenye GTA V ni Population Density na Extended Distance Scaling; kwenye Cyberpunk 2077 ni Crowd Density. Na kama prosesa ndiyo inayobana, unaweza kupandisha ubora wa picha bure, kwa sababu kadi ilikuwa imekaa tu.

Dawa nyingine ya prosesa dhaifu ni kikomo cha fremu. Fremu zako zikiruka kati ya 55 na 95, weka kikomo cha 60 kwenye RivaTuner. Prosesa inapata pumzi kati ya fremu na grafu inanyooka. Teknolojia za kutengeneza fremu za katikati huongeza namba hata prosesa ikibana, lakini mkono wako utahisi mwendo wa fremu za asili. Zikiwa 35 utazihisi 35.

Kwa wenye AM4

AM4 ni soketi ya prosesa za AMD Ryzen. Mwenye madabodi ya B450 na Ryzen 5 2600 asihame jukwaa. Ryzen 5 5600 inaingia kwenye soketi hiyohiyo. Angalia herufi na namba vizuri: 5600 ina MB 32 za kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa), lakini 5500 na 5600G zina 16 tu, na kwenye gemu tofauti hiyo inaonekana. 5800X3D ina MB 96, na kwa gemu zinazobanwa na prosesa bado ni chaguo la nguvu. Sasisha BIOS (programu ya ndani ya madabodi) kabla hujatoa prosesa ya zamani, vinginevyo kompyuta haitawaka, na ufanye hivyo kompyuta ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati unaweza kuiua madabodi. Ukimaliza ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyotangazwa nayo. RAM ya 3200 isiyowashwa XMP mara nyingi inakimbia kwa 2133 au 2400, na Ryzen zinaumia sana na hilo.

Mwisho, si kila kuganda ni suala la prosesa na kadi. Gemu ya Unreal Engine inayokwama mara ya kwanza tu unapofika eneo jipya inaandaa sheda, zile programu ndogo ambazo kadi huzitumia kuchora. Pita tena palepale, na ikiwa laini, kifaa chako hakina kosa. Ikikwama kila mara unapokimbia na gari, angalia kama imewekwa kwenye diski ngumu ya zamani badala ya SSD. Na ukirekodi gemu kwa programu ya OBS ukiwa na kadi ya Nvidia, toa x264 (inayotumia prosesa) uweke NVENC, ili kurekodi kuhamie kwenye kadi.